Kura ya Mpangaji: Kabila na Uchaguzi katika Nyumba za Serikali

Kila uchaguzi ukiisha, wachambuzi hufungua ramani ya matokeo, wakatazama mitaa ya maghorofa ya serikali wanakoishi watu wa kipato cha chini, wakatoa hukumu ya sentensi moja: wamempigia kura mtu wao. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, mjadala umefungwa. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Lakini inaacha nje jambo ambalo mpangaji mwenyewe hawezi kuliacha nje hata siku moja, nalo ni nyumba anayolala. Kuna mtu aliyeigawa nyumba hiyo. Kuna anayeamua itakarabatiwa lini, nani atakuwa jirani, na mpaka wa jimbo utapita upande gani wa jengo. Mara nyingi mtu huyo ni mwanasiasa, au ameteuliwa na mwanasiasa.

Hoja yangu ni kwamba katika nyumba za serikali kabila hufanya kazi ya dhamana. Mtu ambaye paa lake linategemea hisani ya ofisi humtafuta wa kumsemea katika ofisi hiyo, na kabila ni njia ya mkato ya kumpata. Nyumba ikiwa haki isiyoyumba, dhamana hiyo hupungua thamani. Ikiwa fadhila, hupanda. Ninaposema kabila nakusanya humo rangi na asili pia, kwa sababu miji nitakayokaa nayo zaidi, yaani Singapore, Kuala Lumpur, London na Chicago, imewagawa watu wake kwa vigezo tofauti, ila kazi inayofanywa na migawanyo hiyo inafanana sana.

Kwa nini amtafute wa kwao

Tuanze na utafiti mmoja wa Kampala. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wanne, James Habyarimana, Macartan Humphreys, Daniel Posner na Jeremy Weinstein, waliwaita wakazi wapatao 300 wa vitongoji vya kipato cha chini vya eneo la Mulago na Kyebando, wakawashirikisha katika michezo ya fedha halisi. Katika mchezo mmoja mtu alipewa fedha, akaonyeshwa picha za watu wawili, akaambiwa agawe anavyotaka. Alipogawa bila yeyote kujua ni nani aliyegawa, hakuwapendelea watu wa kabila lake. Lakini alipojua kwamba anaonekana na atatambuliwa, baadhi ya washiriki wakaanza kuwapa zaidi wa kwao.

Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba watu wa kabila moja hufikiana kwa urahisi zaidi. Mtu wa kwenu unajua utampata wapi. Unamjua shangazi yake, unajua anasali wapi, na akikudhulumu kuna wazee wa kumwita. Kwa hiyo kila mmoja anatarajia mwenzake awajibike, na yeye anajua atawajibishwa. Mapenzi yana sehemu ndogo sana hapo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mpiga kura maskini anapochagua jina linalofanana na lake, mara nyingi anafanya hesabu hiyohiyo: kati ya wagombea hawa wote ambao hawana shida yoyote ya kunisikiliza baada ya kura, ni yupi nitaweza kumfikia?

Lakini ni kabila lipi litahesabika? Posner huyohuyo alichapisha mwaka 2004 utafiti kuhusu Wachewa na Watumbuka, makabila mawili yaliyokatwa na mpaka wa Malawi na Zambia. Mila ni zilezile pande zote mbili, lugha ni zilezile. Upande wa Malawi watu wa makabila haya wanatazamana kama wapinzani, na katika siasa kila kundi lina kambi yake. Upande wa Zambia ni washirika, wanajiona wote ni watu wa Mashariki. Tofauti iko kwenye hesabu: ndani ya Malawi kila kundi ni kubwa vya kutosha kumbeba mwanasiasa hadi madarakani, na ndani ya Zambia yote mawili ni madogo mno, hivyo kuyagombanisha hakumpi mtu kiti. Damu haikubadilika kwa kuvuka mpaka. Kilichobadilika ni faida ambayo mwanasiasa angepata kwa kuichochea.

Utafiti wa tatu unatoka Ghana, wa Nahomi Ichino na Noah Nathan, wa mwaka 2013. Waliangalia wapiga kura wa vijijini na kukuta kwamba mtu anayeishi katikati ya watu wa kabila jingine huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukipigia kura chama kinachohusishwa na kabila hilo la majirani zake. Anajua barabara na zahanati haviwezi kutenganishwa kwa kabila. Chama cha majirani kikishinda na kuleta zahanati, naye atatibiwa hapo.

Utafiti huo ni wa vijijini, na mjini mambo huchanganyika zaidi. Hata hivyo nadhani jengo la ghorofa la serikali ni mahali ambapo mantiki hiyo inaweza kuonekana kwa macho. Bomba likipasuka ghorofa ya nane, maji hayachagui mlango.

Lifti

Singapore ilipoanzisha bodi yake ya nyumba, HDB, mwaka 1960, watu wengi walikuwa wakiishi katika vijiji vya mabanda na nyumba za vyumba vilivyojaa. Mei 1961 moto wa Bukit Ho Swee uliwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi, na ujenzi ukaharakishwa. Leo takriban asilimia 80 ya wakazi wanaishi katika majengo ya HDB. Wengi wamezinunua nyumba hizo kwa mkataba wa miaka 99, na maskini zaidi wanapanga vyumba vya chumba kimoja au viwili kwa kodi ndogo. Serikali ni mjenzi, muuzaji, mwenye ardhi na msimamizi wa ukarabati wa sehemu kubwa kabisa ya wapiga kura wake. Chama cha PAP kimeshika serikali hiyo tangu 1959.

Katika majengo mengi ya zamani lifti haikusimama kila ghorofa. Ili kuokoa gharama ilisimama baada ya kila ghorofa tatu au nne, na wa katikati walipanda au kushuka ngazi. Waliohamia wakiwa vijana hawakuona tabu. Miaka thelathini baadaye walewale walikuwa na magoti mabovu, mifuko ya soko mikononi, na wengine wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu. Kwao, lifti inayosimama mlangoni ilikuwa tofauti kati ya kutoka nje na kufungiwa ndani. Mpango wa serikali wa kuongeza vituo vya lifti ulianza mwaka 2001, na jengo lilihitaji asilimia 75 ya wenye nyumba wapige kura ya ndiyo ndipo kazi ifanyike.

Kabla ya hapo, uchaguzi wa Januari 1997 ulikuwa umeshaonyesha ukarabati unavyoweza kuwa silaha. Waziri mkuu Goh Chok Tong aliwaambia wapiga kura wazi kwamba mitaa itakayokiunga mkono chama chake itatangulia kwenye foleni ya ukarabati. Zaidi ya hapo, kura zilihesabiwa kwa namna ambayo chama kingeweza kujua kila mtaa umeelemea wapi, si jimbo zima tu. PAP ilipanda kutoka asilimia 61 mwaka 1991 hadi asilimia 65. Siwezi kusema ongezeko lote hilo lilitokana na ukarabati, lakini majimbo mawili, Potong Pasir na Hougang, yalikataa ahadi hiyo na kubaki na wabunge wa upinzani, Chiam See Tong na Low Thia Khiang, na wakazi wake wakakaa muda mrefu wakitazama majengo ya majirani yakipakwa rangi na kuongezewa lifti. Potong Pasir ilirudi kwa PAP mwaka 2011 kwa tofauti ya kura 114. Hougang haijarudi.

Sasa tuingize kabila. Baada ya machafuko ya mwaka 1964 kati ya Wamalay na Wachina, serikali iliogopa mitaa ya asili moja. Mwaka 1989 ikaweka viwango: Wachina wasizidi asilimia 84 ya mtaa na 87 ya jengo moja, Wamalay wasizidi 22 na 25, Wahindi na wengine wakawekewa kikomo cha 10 na 13, ambacho mwaka 2010 kilipandishwa hadi 12 na 15. Mwaka mmoja kabla ya viwango hivyo, 1988, ilikuwa imeanzisha majimbo ya makundi, ambamo chama husimamisha timu ya wagombea na angalau mmoja lazima atoke katika asili ya wachache.

Matokeo ya hatua hizi mbili kwa pamoja ni makubwa. Hakuna jimbo ambalo Wamalay ni wengi, ingawa zamani walikuwa wamejaa katika maeneo kama Geylang Serai. Mgombea hawezi kushinda kwa kuwasemea Wamalay peke yao, wala kwa kuwatukana. Kwa upande mmoja huu ni ulinzi wa kweli, na mtu aliyeona damu ya 1964 hawezi kuudharau. Kwa upande mwingine, malalamiko yanayowahusu Wamalay maskini hayana mahali ambapo yanaweza kujikusanya yakawa kura nyingi. Na kikomo chenyewe kina gharama inayowaangukia zaidi wachache: jengo likishajaza kiwango cha Wachina, familia ya Kimalay inayotaka kuuza hapo haiwezi kumuuzia Mchina, ambaye ndiye mnunuzi wa kawaida sokoni, hivyo hulazimika kushusha bei au kusubiri. Serikali ilianza mwaka 2022 kukubali kuzinunua baadhi ya nyumba zilizokwama hivyo.

Kuna jambo la Hougang linalonivutia hasa. Low Thia Khiang alihutubia kwa Kiteochew, lugha ya wazee wengi wa eneo lile, wakati serikali ilikuwa ikihimiza Wachina wote watumie Kimandarini tangu 1979. Kwenye vitabu vya viwango Wachina ni kundi moja. Kule jukwaani, mzee aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba lugha ya mama yake haina nafasi alisikia mgombea akiitumia kuzungumzia bei ya maisha na nyumba yake. Serikali ilipanga watu kwa mistari yake, na uaminifu ukaota pembeni ya mistari hiyo. Hakuna takwimu ya asili ya jengo ingekuonyesha hilo.

Jiji lisilo na diwani

Kuvuka daraja hadi Malaysia, mpangilio unabadilika. Vyama vikuu vilivyotawala tangu uhuru mwaka 1957 hadi 2018 vilijengwa kwa asili: UMNO ya Wamalay, MCA ya Wachina, MIC ya Wahindi, vikiwa ndani ya muungano mmoja. Baada ya machafuko ya Mei 13, 1969 mjini Kuala Lumpur, sera mpya ya uchumi ya 1971 iliweka upendeleo kwa Wamalay na wenyeji wengine. Kwa hiyo ungetarajia katika maghorofa ya bei nafuu ya Kuala Lumpur, yale ya mpango wa PPR ambako nyumba hupangishwa kwa ringgit 124 kwa mwezi, kila mtu akipigie kura chama cha asili yake, basi.

Jimbo la Lembah Pantai linakanusha urahisi huo. Ndani yake kuna Bangsar ya matajiri, na chini ya kilima kuna Kerinchi na Pantai Dalam zenye maghorofa ya wapangaji wa kipato cha chini, Wamalay na Wahindi wengi. Mwaka 2008 Nurul Izzah Anwar wa upinzani alimshinda waziri wa UMNO, Shahrizat Abdul Jalil. Mwaka 2013 chama tawala kikamleta Raja Nong Chik, ambaye alikuwa waziri wa maeneo ya shirikisho, yaani wizara yenye mamlaka juu ya halmashauri ya jiji inayosimamia maghorofa yale. Kwa mpangaji, huyu hakuwa mgombea wa kawaida. Alikuwa bosi wa fundi wa lifti. Alishindwa, kwa kura zisizofika 2,000.

Angalia kwanza kwamba wagombea wote wawili walikuwa Wamalay. Kabila halikuweza kumwambia mpiga kura wa Kimalay achague nani. Lilikuwa limeshakubaliwa kabla ya kura. Hili hutokea sana na husahaulika sana: vyama vikisoma muundo wa jimbo na kusimamisha watu wa asili moja, ushindani unahamia kwenye mambo mengine, ingawa ramani ya matokeo bado itasomeka kama kura ya kabila.

Pili, Kuala Lumpur haichagui diwani wala meya. Chaguzi za serikali za mitaa nchini Malaysia zilisimamishwa mwaka 1965 na hazijarudi. Meya huteuliwa. Mkazi mwenye taka zilizorundikana, au aliyepokea notisi ya malimbikizo ya kodi, hana mwakilishi wa ngazi ya chini wa kumwendea, anamwendea mbunge. Na mbunge wa upinzani katika miaka ile hakupewa fungu la jimbo kama wenzake wa chama tawala wala hakuwa na amri juu ya halmashauri. Aliyemchagua Nurul Izzah alijua anamchagua mtu wa kupiga kelele, huku mwenye funguo za stoo akibaki upande wa pili. Kuna aliyeona heri kelele, na kuna aliyeona mkono mtupu haulambwi. Wote wawili wanaweza kuwa Wamalay, ghorofa moja, milango inayotazamana.

Serikali iliongeza uzito upande wake kwa fedha taslimu. Mwaka 2012 ilianza kuzipa ringgit 500 kaya zenye mapato yasiyozidi ringgit 3,000 kwa mwezi, bila kubagua asili. Hapo ndipo sioni haki ya kumlaumu mpangaji kwa kuhesabu. Ringgit 500 ni kodi ya miezi minne. Lakini hata baada ya kupokea, jimbo lilikwenda upinzani mwaka uliofuata, jambo linaloonyesha kwamba anayepokea fedha za serikali si lazima awe ameuza kura.

Ramani ya matokeo ina mtego mwingine. Ukikuta kituo chenye Wamalay asilimia 60 na chama fulani kimepata asilimia 60, huna haki ya kusema ni walewale. Inawezekana kabisa nusu ya Wamalay na robo tatu ya wengine ndio waliokipa chama hicho kura zake. Jumla ya kituo haikwambii nani alifanya nini ndani ya chumba cha kupigia kura, na uchambuzi mwingi wa magazetini kuhusu mitaa maskini hujengwa juu ya kosa hili.

Foleni

Mahali ambapo kabila huwa kali kuliko popote ni kwenye foleni ya kungojea nyumba. Mfano ninaouona kuwa wazi zaidi ni wa Tower Hamlets, mashariki mwa London.

Bandari za Isle of Dogs zilikuwa zimefungwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ajira za makuli na mafundi zikaenda nazo. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa, nyumba zilizouzwa hazikujengewa mbadala wa kutosha, na foleni ikarefuka. Wakati huohuo mnara mrefu kuliko yote Uingereza ulisimama Canary Wharf mwaka 1991, ukiwatazama kwa juu watu ambao watoto wao hawakuwa na pa kuishi. Ndani ya foleni hiyo walikuwamo Wabangladeshi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamepewa nyumba mbovu zaidi au kukataliwa kabisa. Mwaka 1988 Tume ya Usawa wa Rangi ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa mgao wa halmashauri hiyo, ikionyesha ubaguzi dhidi yao.

Chama cha Liberal kilichoshika halmashauri kilianzisha utaratibu wa kuwapa kipaumbele watoto wa wakazi wa zamani. Kwa maneno, hautaji rangi. Kwa vitendo, wakazi wa zamani walikuwa Weupe. Kisha mtaa mpya ukajengwa Isle of Dogs, baadhi ya nyumba zikaenda kwa familia za Kibangladeshi zilizokuwa na uhitaji mkubwa zaidi, na hasira ikalipuka. Septemba 1993, katika uchaguzi mdogo wa kata ya Millwall, iliyoko hukohuko, Derek Beackon wa chama cha kibaguzi cha BNP alishinda udiwani kwa tofauti ya kura saba.

Nchi nzima ilishtuka, na wengi wakasema wapangaji wale ni wabaguzi tu. Ubaguzi ulikuwepo, sitaupunguza. Familia zilitemewa mate na kuvunjiwa madirisha. Lakini hasira ile ilikuwa na anwani, nayo ilikuwa ofisi ya mgao. Walichokuwa wakigombania ni nyumba chache zilizoachwa baada ya nyingine kuuzwa, na wanasiasa wa vyama vya kawaida walikuwa wameshawafundisha kwamba swali la haki ni swali la nani ni mwenyeji. BNP ilikuja kulisema kwa sauti kubwa zaidi.

Mei 1994 Beackon alipoteza kiti. Kura zake mwenyewe zilikuwa zimeongezeka. Alishindwa kwa sababu waliokuwa wakikaa nyumbani, wakiwemo Wabangladeshi wengi, walijiandikisha na kujitokeza kwa wingi, na viti vyote vya kata vikaenda kwa chama cha Labour.

Na hao Wabangladeshi, ambao tangu hapo huhesabiwa kama kapu moja la kura? Mwaka 2005, katika jimbo la Bethnal Green and Bow, lililojaa maghorofa ya halmashauri wanayoishi, George Galloway, Mskoti Mweupe, alimwondoa mbunge wa Labour kwa kura 823, na wengi wao walimpigia yeye kwa sababu ya vita vya Iraki. Mwaka 2010 kiti kikarudi Labour kwa Rushanara Ali, mzaliwa wa Bangladesh. Ukitazama mwaka 2010 peke yake utasema kabila. Ukiitazama miaka yote miwili utaona watu wenye msimamo kuhusu mambo.

Upande wa magharibi wa jiji hilohilo, halmashauri ya Westminster ilifanya kitu kilichonyooka zaidi. Kuanzia 1987, ikiongozwa na Shirley Porter wa chama cha Conservative, iliamua kuuza nyumba za halmashauri katika kata nane zenye ushindani mkali ili waingie wanunuzi waliotarajiwa kukipigia kura chama chake. Mahakama ya juu kabisa ilithibitisha mwaka 2001 kwamba ulikuwa uvunjaji wa sheria, na mwaka 2004 Porter akalipa pauni milioni 12.3. Tumezoea kuuliza wapangaji wanapigaje kura. Hapa mwanasiasa alikuwa amechagua wapiga kura.

Chicago, na jirani anayesahauliwa

Huko Chicago mgao ulikuwa wa rangi tangu kiwanja. Sheria ya jimbo ya mwaka 1949 iliwapa madiwani wa jiji uwezo wa kukataa mahali pa kujenga nyumba za umma, na madiwani wa kata za Weupe wakautumia. Matokeo yake yalikuwa kama Robert Taylor Homes, iliyofunguliwa 1962: majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, yamepangwa kwenye ukanda mmoja mwembamba wa upande wa kusini, wapangaji karibu wote Weusi. Mwaka 1966 wapangaji wakiongozwa na Dorothy Gautreaux walishtaki, na mwaka 1969 Jaji Richard Austin aliamua kwamba mamlaka ya nyumba ilichagua viwanja kwa misingi ya rangi.

Kwa miaka mingi kura za maghorofa haya zilikuwa mtaji wa Meya Richard J. Daley. Kiongozi wa chama cha Democratic wa mtaa ndiye aliyejua nani anatafuta kazi, nani anaomba msaada, nani anataka kuhamishwa kutoka ghorofa ambayo lifti imekufa. Wapangaji Weusi waliichagua mashine ya Weupe, yaani mtandao huo wa chama, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ndiyo iliyoshika mafaili. Anayedhani watu hufuata rangi yao kwa silika aeleze miaka hiyo.

Ilibadilika mwaka 1983. Mwaka uliotangulia, Meya Jane Byrne aliwaondoa wajumbe Weusi kwenye bodi ya mamlaka ya nyumba na kuwaweka Weupe, wakati wapangaji wenyewe walikuwa Weusi. Hasira ikageuka kampeni ya kujiandikisha iliyoongeza wapiga kura zaidi ya 100,000, mamia kwa mamia wakiandikishwa walipofuata msaada wa serikali. Harold Washington akawa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo, na maghorofa yakampa karibu kura zao zote.

Magazeti yaliita hiyo kura ya rangi. Sawa, lakini tazama upande wa pili. Mwaka 1979 Byrne, mgombea wa Democratic, alikuwa amepata asilimia 82. Mwaka 1983 chama kilekile kikamsimamisha Mtu Mweusi na kikaponea asilimia 52 hivi, kwa sababu Wademokrati Weupe wenye nyumba zao, hati mkononi, walihamia kwa Bernard Epton wa Republican ambaye siku chache kabla wasingemjua. Nao hawakutegemea ofisi ya mgao. Mpangaji Mweusi alikuwa na sababu ya nyumba ya kumtaka mtu wake bodini. Sijui ni kwa nini kura yake huitwa ya kikabila na ya mwenye hati huitwa wasiwasi wa mtaa.

Kuanzia mwaka 2000 jiji liliyabomoa maghorofa mengi. Mtafiti Ryan Enos aliitumia nafasi hiyo kupima jambo ambalo kwa kawaida halipimiki: Weupe waliokuwa wakiishi jirani na maghorofa hayo wangefanyaje pindi majirani Weusi zaidi ya 25,000 wakiondoka? Katika matokeo aliyochapisha 2016, ushiriki wa Weupe hao katika uchaguzi ulishuka kwa zaidi ya pointi 10 za asilimia, na waliokuwa karibu zaidi na majengo ndio walioshuka zaidi. Uungaji mkono wao kwa wagombea wa kihafidhina nao ulipungua. Miaka yote ile sehemu ya kilichokuwa kikiwapeleka kituoni ilikuwa kuwepo kwa maghorofa yale. Waliohamishwa, kwa upande wao, walitawanywa na vocha za kodi hadi mitaa mingine, na kila mmoja alilazimika kujiandikisha upya kwa anwani mpya, katika kata ambayo hakuna mgombea aliyekuwa amemzoea.